Ng'ombe Walitajwa, Mimi Sikutajwa

Miaka ya tisini nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya mradi pale Ifakara. Bosi wetu alikuwa mama wa Kizungu ambaye Kiswahili chake kilimtosha kusalimia na kununua nyanya tu, kwa hiyo ripoti zote ziliandikwa kwa Kiingereza.

Jumapili moja mpwa wangu alipata kipaimara Katindiuka, nje kidogo ya mji. Nikachukua baiskeli ya ofisi bila kumwambia mtu, nikaiegemeza kwenye mgomba, nikaingia kula pilau. Tulipotoka, kundi la ng'ombe lilikuwa limepita juu ya baiskeli. Rimu ya mbele ilipinda kama sambusa. Niliibeba begani hadi mjini nikiwa na gauni langu la sherehe, na kila niliyemwamkia shikamoo aliniuliza kwa nini leo baiskeli imenipanda mimi.

Bosi akataka maelezo ya maandishi. Nikakimbilia kwa mtunza stoo, mzee aliyewahi kufundisha Kiingereza huko Mahenge. Akanieleza kwamba kwa Kiingereza unaweza kusema jambo limetendwa bila kumtaja aliyelitenda. Nikamwambia hata Kiswahili kinaweza.

"Cha kwao kinaonekana cha heshima zaidi," akasema. "Jifiche nyuma ya kitenzi, binti yangu."

Nikajificha. Nilipiga: "The bicycle was taken to Katindiuka. It was stepped on by cows." Yaani ilipelekwa, ikakanyagwa na ng'ombe. Nilisoma mara tatu, nikaridhika. Mtu angedhani baiskeli ilitumwa kikazi.

Bosi alisoma nikiwa nimesimama mbele yake. Akaniuliza, kwa Kiingereza cha polepole, kwa nini ng'ombe wametajwa lakini aliyeipeleka baiskeli hakutajwa. Nikarudi kwenye mashine nikapiga upya: "I took the bicycle. I did not ask." Niliichukua mimi, sikuomba. Vidole vilikuwa vizito kuliko siku zote, maana ile "I" ilisimama peke yake kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

Bosi akaisoma, akaiweka pembeni, akasema safari nyingine niombe. Baada ya kazi nikaipeleka baiskeli kwa fundi, nikamshikia gurudumu akinyoosha spoku. Mzee wa stoo alininunia siku mbili kwa kuifuta kazi yake.

Wiki iliyofuata dereva wetu akaniletea ripoti yake niipige. Aliandika kwamba gari "was delayed" Kidatu, lilicheleweshwa. Nikamuuliza lilicheleweshwa na nani. Akakiri kuwa pale stendi kuna mama anakaanga samaki vizuri sana.

"Niandike hivyo?"

"Dada, piga kama ilivyoandikwa."

Nikapiga "was delayed", ila nikamwambia akipita tena Kidatu aniletee samaki mmoja.