Pigo la Mama Aneti

Nakumbuka siku niliyoingia Moshi, mwanangu, nikiwa na begi moja na shati lililoshiba vumbi. Nilitoka Songea juu ya lori la mahindi, Makambako nikadandia treni, Dar es Salaam nikapanda basi, na kote nikiulizwa naenda kwa nani. Naenda kwa mlima, nilijibu. Niliuona kwenye kalenda nyumbani kwa mwalimu wetu, nikashindwa kutulia. Nilipofika, mawingu yalikuwa yameufunika wote.

Nikapata kazi ya kukata nyasi kwenye viwanja vya gofu. Msimamizi wetu, Mzee Ndesario, aliposikia nalala stendi, alinipandisha kwake Kibosho, akanipa chumba kilichopakana na zizi la mbuzi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema, "ila kwangu watu huamka alfajiri." Mkewe, Mama Aneti, alinilisha ndizi na nyama hadi nikausahau ugali.

Jioni, baada ya kazi, tulikaa nyuma ya banda la mashine tukibishana jambo moja: ni nani aliyeizungusha fimbo ya gofu vizuri kuliko wote, tangu mchezo uanze? Usicheke. Tuliokata nyasi za mchezo ule tulijiona tuna haki ya kutoa hukumu. Shabani, kijana wa mjini aliyeendesha mashine ya kukatia nyasi, alimtetea daktari mmoja wa meno aliyecheza pale.

"Yule alipiga kama anavyong'oa jino," alisema. "Bado unasubiri maumivu, kumbe limeshatoka."

Mzee Ndesario alituacha tumalize wote, ndipo akataja jina lile lile la kila jioni: mkewe. Zamani, siku ya michezo ya wafanyakazi, Mama Aneti alileta chakula, akatania kwamba gofu ni kulima bila kupanda mbegu. Akapewa fimbo. Akavua kandambili, akapiga mara moja tu. Mpira ukavuka kijito, ukavuka mikaratusi, haukuonekana tena. Naye akachukua sufuria zake, akaenda zake.

Miaka ile televisheni ndiyo kwanza zinaingia na mitumba inajaa sokoni. Mimi, kupitia dirisha la baa, nilikuwa nimemwona bingwa mmoja wa ng'ambo, nikadhani nimeiona dunia. Nikasema mbele ya wote, "Mzee, ungemwona yule, ungeona aibu kumtaja mama. Mama alibahatisha."

Shabani akaacha kutafuna muwa. Mzee akanyanyuka, akakung'uta suruali, akapanda kwake peke yake.

Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Siku zilizofuata nilimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba kama anayemjibu mpita njia. Hakunitukana, hakunifukuza. Hilo ndilo lililonitesa, maana nyumba ile nilikuwa nimeshaanza kuiita kwetu. Nikaanza kufunga begi. Mama Aneti akanikuta.

"Unakwenda wapi?"

"Popote, mama."

"Kwa sababu ya mpira wangu?" Akacheka hadi akashika ukuta. Kisha akatoka nje, akakata jani la sale kwenye mpaka wa kihamba chao, shamba la migomba linalozunguka nyumba. "Mpelekee. Kwetu huku mtu akiletewa hili, hawezi kukataa kusamehe, hata kama umemuulia ndugu. Na usianze hotuba."

Nilimkuta mzee migombani akimfunga mbuzi. Nikamnyooshea lile jani kwa mikono miwili. Alilitazama, akalipokea.

"Umetumwa," alisema.

"Nimetumwa, baba. Lakini nilitaka kuja."

"Huyo bingwa wako, ulimtazama ukiwa na nani?"

"Peke yangu, dirishani."

"Mimi nilikuwa na njaa, kijana, na aliyepiga ndiye aliyeniletea chakula. Pima pigo la bingwa wako. La kwangu niachie." Halafu akatabasamu. "Haya, shika kamba ya mbuzi."

Nilikaa kwao hadi mguu ukaanza tena kuniwasha kwa hamu ya safari. Asubuhi ya kuondoka, mlima ukiwa wazi kabisa, walinisindikiza tukapitia uwanjani nimuage Shabani.

"Mama," Shabani akachokoza, "mpe mgeni ushahidi kabla hajapanda basi."

Mama Aneti akavua kandambili. Wakati huo huo zipu ya begi langu ikaachia, nikainama kuokota mashati. Nikasikia ta, kama kijiti kikavu kinapovunjika. Nilipoinua kichwa, mpira haukuwepo. Nilimwona Mzee Ndesario tu, kiganja mdomoni, macho yakifuata kitu angani, uso umemng'aa kama wa bwana harusi.

"Umeona?" akaniuliza.

"Nimeona, baba." Na sikusema uongo.

"Amebahatisha tena," akasema Shabani, tukacheka hadi mzee akafuta machozi. Nikapanda basi. Sikurudi tena Moshi, lakini kokote ninakokuta watu wakibishana juu ya gofu, namtaja Mama Aneti.

Basi mwanangu, bishana. Ubishi wa marafiki ni chumvi ya jioni. Ila mtu akikusimulia jambo zuri kuliko yote aliyowahi kuona, usikimbilie kuutafuta mpira. Mtazame uso. Na ukimkosea mwenye nyumba, peleka jani kabla hujafunga begi, maana njia ndefu nazijua mimi, na hakuna hata moja iliyowahi kuniitikia shikamoo. Mungu akujalie uzeeke na mtu ambaye, ukipiga mara moja tu, atalisimulia pigo lako maisha yake yote.