Nani Anamkosa Nani

Mwaka ule wa kwanza Dzaleka, kambi ya wakimbizi huko Malawi, mimi sikulia. Watu walilia kwenye foleni ya maji, walilia kanisani. Mimi nilisonga nsima, ugali wa kule, nikala, nikalala. Mama alinitazama akasema, "We iko mawe ao mutu?"

Baba tulipotezana naye tulipokimbia Bujumbura. Hatukujua kama yuko hai. Siku tulipokwenda Lilongwe, kwenye ofisi moja iliyotafuta ndugu za wakimbizi, mama alikataa katakata nimsemee. Alisomea kwa masista, Kifaransa anakijua, na Kiingereza alikuwa anajifunza kwa jirani. Njia nzima, juu ya pikapu iliyojaa magunia, alikuwa anaikariri sentensi yake. Mi nilisinzia.

"My husband misses me," alimwambia karani, mwanamke wa Kimalawi wa rika lake.

Alitaka kusema ana hamu na mumewe, ila alikuwa amefikiri kwa Kifaransa. Kwa Kifaransa asiyekuwepo njo anatangulia kutajwa: mume wangu anakosekana kwangu. Kiingereza kimegeuza, aliyebaki njo anabebeshwa kitenzi. Kwa hiyo alichosema mama ni kwamba baba, huko aliko, ana hamu naye.

Karani akatabasamu, akauliza baba ameandika kutoka wapi. Nikatafsiri bila kufikiri: "Anauliza papa aliandika kutoka wapi."

Mama akaruka. "Papa aliandika? Iko muzima?" Akamshika karani mikono yote miwili, akamshukuru kwa Kichewa: Yesu wangu, zikomo, zikomo! Watu wa kwenye benchi wakapiga makofi.

Ilibidi nimwambie. Nikamwambia kama mtu anayesema sukari imeisha: hakuna barua, mama, ulikosea neno, naye akaelewa vingine. Moyoni hamkuwa na kitu. Hata sasa kinachoniuma ni hicho, kwamba hamkuwa na kitu.

Akakaa. Karani alikuwa ameshaelewa, maskini, macho yamemlowa. Akamfundisha polepole: I miss him.

"Inasema nini?" mama akaniuliza.

"We njo unamukosa."

"Mi nimukosee nini? Mi sikumufanyia kitu. Ye njo haiko!"

Nikamweleza kwamba si kukosea, ni kukosa, ni kuwa na hamu ya mtu. Nikachoka. Mama alikunja na kukunjua pindo la kitenge chake. Halafu akauliza ile sentensi yake, ile ya makosa, ilikuwa inasema nini.

"Kwamba papa, kule iko, ana hamu yako. Anasikia vile hauko."

"Anasikia vile siko?"

"Njo vile inasema."

Mama alimtazama karani, akanitazama mimi.

"Sasa kosa iko wapi?" akasema. "Mwambie aache ile ile ya kwanza, asiibadilishe."