Mama Spika na Saa Iliyotangulia

Pale sokoni hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wauza vitunguu, wachukuzi, hata mkubwa wa soko mwenyewe, wote walimwita Mama Spika, kwa sababu sauti yake ndiyo iliyokuwa ikitoka kwenye zile spika nne zilizofungwa juu ya nguzo, moja ikielekea ng'ambo ya barabara, kwenye kituo cha mabasi. Kibanda chake kilikuwa juu, unapanda ngazi kumi na moja za chuma. Ndani mlikuwa na meza, kiti chenye mto uliochoka, maikrofoni aliyoifunga leso ili isipige mluzi, kopo la biskuti, na benchi moja fupi. Benchi hilo lilikuwa la watoto waliopotea.

Na watoto hupotea, tena sana. Mama anainama kuchagua nyanya, anainuka, hamna mtoto. Miaka tisa Mama Spika alikuwa akiwapokea pale juu, wengine wanalia, wengine wametulia tu kama wamekuja kutembea. Mwanzoni aliwauliza maswali aliyoelekezwa ofisini. Mama yako anaitwa nani? Anaitwa Mama. Amevaa nini? Amevaa nguo. Mmoja alisema mama yake ni mnene lakini kwa chini tu, na hilo haliwezi kutangazwa. Mwishowe Mama Spika akapata swali lake mwenyewe: "Mama yako hupenda kusema nini?" Hapo hakuna mtoto asiye na jibu. Basi akawa anatangaza hivyo hivyo, kwa ile sauti yake ya pole pole:

"Tafadhali sikilizeni. Anatafutwa mama anayesema 'ngoja tufike nyumbani'. Mwanawe yuko hapa juu, anakula biskuti."

Nusu ya wanawake wa soko zima waliacha walichokuwa wakifanya, wakatazama miguuni pao.

Lakini kazi ile ilimwingia mwilini. Muuza samaki hurudi nyumbani na harufu ya samaki. Yeye alirudi na watoto wa watu kichwani. Kwake walikuwa watano: yeye, mumewe aliyekuwa fundi wa friji, binti yao mkubwa wa miaka kumi na mitatu, na mapacha wa kike wa miaka sita. Wote aliwahesabu. Wakiwa mezani, wakiwa njiani, wakati mwingine hata kila mtu akiwa amelala na mlango umefungwa. "Tuko wangapi?" angeuliza, nao wangeitikia bila kuinua kichwa, "Watano." Saa yake ya mkononi aliitanguliza dakika kumi, asije akachelewa popote. Nyumba nzima ilijua. Ukimwuliza ni saa ngapi, alitazama, akatoa kumi zake, akakupa iliyobaki.

Mwaka huo binti akachaguliwa shule nzuri, ila iko upande wa pili wa mji. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi. Na ikaja fomu ya shule yenye swali moja lililomnyima Mama Spika usingizi: mwanafunzi atakaa wapi. Yeye mwenyewe huingia kazini kabla jua halijatoka, maana wenye malori hawangoji mtu, kwa hiyo kumsindikiza hakuwezekani. Baba yake naye hushika njia nyingine kabisa. Lakini wifi yake, dada wa mumewe, alikaa hatua chache tu kutoka shuleni, na alikuwa amekwisha sema, mleteni. Fomu ilikaa juu ya friji wiki mbili, imewekewa kikombe isipeperuke. Ilitakiwa Jumatatu.

"Kwa shangazi nitakuwa mgeni," binti alisema jioni moja, mikono imo kwenye sabuni ya vyombo. "Huku kwetu nitakuwa nakuja Jumapili na mfuko, kama mtu wa bima."

"Shangazi yako ana chumba chenye dirisha."

"Mimi nina mapacha wanaonipiga mateke. Nimeshawazoea."

Baba mtu, aliyekuwa chini akifungua injini ya friji ya jirani, akasema, "Mwache mtoto. Ana akili kuliko mimi na wewe tukiunganishwa."

"Akili haizuii basi kumpitiliza," alisema Mama Spika, akatoka nje kwenda kuangalia nguo ambazo zilikuwa hazijakauka, kwani alikuwa amezianika dakika tano tu zilizopita.

Hakutaka aende. Akifikiria kitanda kile kitupu, aliinuka akawahesabu tena. Lakini aliona afadhali amkose mahali anapopajua kuliko awe naye, halafu kila siku, asubuhi na jioni, mtoto awe barabarani ambako hakuna jicho lake.

Jumapili, siku moja kabla ya fomu kurudishwa, mumewe akasema twendeni bustani ya wanyama. Alitaka tu kupumzika, maskini. Kutoka nyumbani kuliwachukua saa nzima. Mama Spika alirudi mara ya kwanza kuangalia gesi, mara ya pili kuangalia kama alipoangalia gesi alifunga dirisha. Mapacha aliwavalisha nguo nyekundu zilizofanana. Kila mmoja alimtia mfukoni karatasi yenye namba ya simu, na nyingine ndani ya soksi, nguo ikipotea.

"Nguo itapoteaje na mimi nimo ndani?" pacha mmoja akauliza.

"Vaa soksi."

Walimwona twiga. Wakamwona kiboko, yaani mgongo wake. Mama Spika hakuwa akitazama wanyama, alikuwa akitazama mageti, vichaka, na mahali ua ulipolegea. Simu ya mumewe aliichukua akaitia kwenye mkoba wake pamoja na yake, isije ikadondoka. Mkoba ule ulibeba kila kitu cha nyumba ile.

Mchana binti akataka kuona nyoka. Mapacha wakaanza kulia hapo hapo, na Mama Spika mwenyewe hata nyoka wa kuchorwa hamtazami.

"Basi niende peke yangu," binti alisema. "Ni pale tu, lile jengo la mabati."

Penye ukuta walipokaa palikuwa na tangi kubwa la maji, limepakwa rangi ya bluu, linaonekana kutoka kila upande. Mama Spika alilitazama tangi, akamtazama mwanawe, urefu wake uliokuwa umemfikia yeye sikioni bila taarifa.

"Unasikia," alisema. "Saa nane kamili uwe hapa, penye tangi. Ukiwa hapa saa nane, ile fomu nitaandika utakaa nyumbani, utapanda mabasi yako mwenyewe. Usipokuwepo, kesho naandika kwa shangazi, na sitaki kusikia neno."

"Saa nane kamili."

"Kamili."

Baba akavua saa yake, akamfunga binti mkononi, akaongeza tundu la mkanda kwa bisibisi aliyokuwa nayo mfukoni. Mtoto akaenda, hakukimbia, na wala hakugeuka. Hilo la kutogeuka lilimwuma mama yake kuliko alivyotarajia.

Kuanzia hapo hakukalika. Alimfuta pacha mmoja mdomo, akamfuta mwenzake ambaye hakuwa amekula kitu. Alifungua mkoba akahesabu simu. Akasimama, akakaa, akasimama tena, mpaka mumewe akamwambia anamfanya kizunguzungu. Kisha akatazama saa yake, na mishale ilionyesha saa nane kamili.

Binti hakuonekana.

Nane na dakika mbili. Nane na tano. Kati ya vichwa vya watu wote waliopita hakuona kichwa alichokitaka. Alikumbuka kila mtoto aliyepata kukaa kwenye benchi lile. Akamkumbuka hasa yule aliyekaa kuanzia asubuhi mpaka soko likafungwa.

"Inuka," alimwambia mumewe. "Wewe nenda kwenye nyoka. Mimi naenda kwenye mamba na hawa."

"Ngoja kidogo. Atakuja."

"Umekaa kama umepandwa hapo."

"Si wewe unayewaambia watu kila siku, aliyepotea asitembee, abaki alipo?"

"Mimi sijapotea," alisema Mama Spika, akawashika mapacha mmoja huku na mmoja huku, akaondoka nao miguu yao ikigusa chini kwa zamu.

Penye mamba palikuwa na mlinzi mzee amekalia ndoo.

"Umeona msichana hapa? Mrefu, gauni la kijani?"

"Leo sijaona msichana mrefu."

"Una hakika? Ua wenu huu mbona mfupi?"

Mlinzi akawatazama mamba wake, wamelala kama magogo. "Mama, hawa tangu wameletwa hawajawahi kula mtu. Hata kuku wanambagua."

Akaenda kwenye nyani. Akaenda kwenye vyoo, akabisha mlango mmoja mmoja, akatukanwa kwenye wa tatu. Akaingia kwenye foleni ya pikipiki za watoto na kutokea upande wa pili. Mapacha walikuwa wamenyamaza, wamejua leo mama yao si wa kuombwa kitu. Jasho lilimtoka, kitambaa chake cha njano kikamshukia shingoni. Na kichwani, bila kutaka, alikuwa akitunga tangazo. Anatafutwa msichana. Lakini hakuweza kuendelea, maana alikuwa hajui aseme msichana huyo hupenda kusema nini. Alijua karibu kila mama wa soko lile husema nini. Mwanawe alichokuwa akisema siku hizi hakuwa amekisikiliza.

Ndipo spika za bustani zikakoroma. Mtu akapuliza, fuu, fuu, kama yeye mwenyewe apulizavyo kila alfajiri. Kisha ikaja sauti, na Mama Spika akasimama katikati ya njia, kwa sababu ilikuwa sauti yake, ila changa.

"Tafadhali sikilizeni. Anatafutwa mama anayesema 'tuko wangapi'. Amefunga kitambaa cha njano, yuko na mapacha wawili, na anatembea kama aliyeacha chungu jikoni. Mama, sisi tupo penye tangi. Baba yupo. Mimi nilikuwepo saa nane kamili." Spika zikakoroma tena, sauti ikarudi. "Mama, saa yako iko mbele dakika kumi."

Watu wakaanza kugeuka. Mwanamke mmoja aliyebeba mtoto mgongoni akamtazama kitambaa, akawatazama mapacha, akamwambia kwa upole, "Dada, nadhani ni wewe."

"Ni mimi," alisema Mama Spika.

Miaka tisa hakupata kujua tangazo lina uzito gani likimwangukia mtu. Alitembea hadi kwenye tangi akiangalia chini, na kila aliyempisha njia alimpisha kwa heshima ya namna anayopewa mgonjwa.

Mumewe alikuwa amekaa pale pale kwenye ukuta, anakula karanga. Alikuwa ameenda kwenye nyoka kama alivyotumwa, akaona kila kioo na asimwone binti, akarudi kukaa. Walikuwa wamepishana njiani, na aliporudi alimkuta binti pale, wakangoja pamoja robo saa nzima, simu zote mbili zikiwa mkobani mwa mtu aliyekuwa akikimbizwa na moyo wake mwenyewe. Kisha binti akaenda kwenye kibanda cha getini. Mtangazaji wa pale alikuwa akitafuna, akamwachia maikrofoni.

Binti alikuwa amesimama wima, mikono nyuma. Hakuwa anacheka. Alikuwa anaogopa, na mama yake akaliona hilo kabla ya kingine chochote.

"Ulikuwa hapa saa ngapi?" Mama Spika akauliza.

"Saa nane. Baba alikuwa bado hajarudi. Nikakaa. Aliyepotea asitembee."

"Lakini hukuwa umepotea."

"Ndiyo, nilijua hivyo," alisema binti. "Lakini nilikuwa nimebaki peke yangu."

Mama Spika akatazama saa yake. Akatoa kumi. Akahesabu tena, kama kwamba hesabu ingebadilika. Mume akamsogezea karanga, naye akazikataa, kisha akazichukua.

"Kama aliyeacha chungu jikoni," alisema mwishowe. "Hiyo umeitoa wapi?"

"Kwako. Ulimtangazia yule mama wa ndizi."

Usiku ule kikombe kiliondolewa juu ya fomu. Mama Spika aliandika kwa kalamu ya bluu, herufi kubwa: NYUMBANI. Akaikunja, akaikunjua kuhakikisha ameandika, akaikunja tena.

Siku ya kwanza ya shule binti alimngoja mama yake mlangoni kukiwa bado giza, na alikuwa na neno moja tu.

"Usinitangaze."

"Nikutangaze kwa sababu gani?"

"Mama."

"Sikutangazi."

Basi la kwanza lilitakiwa kumshusha kituoni, ng'ambo ya soko, saa moja na dakika kumi. Kutoka kibandani kituo hakionekani, mabati ya wauza nafaka yanakiziba. Mama Spika alipanga biskuti. Akafuta benchi. Saa moja ilipopita alifungua maikrofoni, akaifunga. Akasimama dirishani, akarudi. Alikuwa ameahidi, na mtoto alikuwa ametimiza ahadi yake yeye. Akaitazama saa, akatoa kumi, akafungua maikrofoni.

"Tafadhali sikilizeni," alisema. Soko likainua vichwa, akina mama wakatazama miguuni. "Saa hizi ni saa moja na dakika kumi. Ni hayo tu."

Mchukuzi mmoja, gunia begani, akapaza sauti kutoka chini. "Mama Spika, leo umekuwa redio?"

"Beba mzigo wako."

Siku ile ilikuwa ndefu. Saa kumi jioni alikuwa amekwisha fika nyumbani, amesimama mlangoni na mwiko mkononi ingawa hakuna kilichokuwa motoni. Binti akatokea kwenye kona, soksi zimeshuka, mfuko umemning'inia. Akaingia, akavua viatu, akanywa maji vikombe viwili bila kupumua.

"Nilikusikia," alisema, saa ya baba yake ingali mkononi. "Nilikuwa kwenye mlango wa basi la pili. Ulichelewa dakika mbili."

Mama Spika akavua saa yake, akavuta kile kichwa kidogo cha pembeni kwa ukucha, akaisogeza mbele dakika mbili, zile kumi zitimie tena.