Nilichota Udongo Safi, Nikaandika "Katikati ya Ghala"

Admin, nifiche jina, lakini maneno yangu usiyapunguze makali.

Mimi ni binti wa miaka ishirini na minne, mwanafunzi wa mwaka wa tatu chuo kikuu, ninasomea sayansi ya mazingira. Kwetu ni kijiji kimoja kati ya Masasi na Newala. Hapo palikuwa na kiwanda cha kubangua korosho kilichokufa kabla sijazaliwa, majengo yake yakageuzwa ghala la dawa za mikorosho. Dawa zikaharibika humo humo, mapipa yakatoboka, udongo ukawa mweusi na harufu yake ikawa inafika barabarani.

Mwaka huu ilitangazwa kwamba eneo lile litasafishwa na majengo yawe shule ya awali. Nilishangilia kuliko wote. Mwenyekiti wa kamati ya usafishaji ni mjomba wangu, kaka yake mama, na anayetujua Wamakonde anajua uzito wa mjomba: ndiye aliyenilea, ndiye aliyenisomesha, ndiye atakayepokea posa yangu.

Wasafishaji wakaja. Wasafishaji! Neno hilo naliandika kwa kinyaa. Mkandarasi ambaye viatu vyake havikugusa tope hata siku moja, na wanakamati wanaopiga makofi kabla mgeni hajafungua mdomo. Udongo ule ulipaswa kusafirishwa mbali na kufukiwa kwenye shimo lililozibwa. Wao waliukwangua, wakaumwaga nyuma ya mikorosho, karibu kiasi kwamba ukiita mtu ghalani anakuitikia, kisha wakaenda kunywa soda kivulini. Hata kibao cha onyo hawakuweka.

Siku ya kuchukua sampuli za kupima kama eneo limekuwa salama, mjomba akaniita. "Huyu ndiye mtaalamu wetu," akawaambia, na nikavimba kichwa. Tukachota udongo mwekundu kando ya barabara, mahali ambapo majani yamestawi.

"Na wa katikati?" nikauliza.

Mkandarasi akacheka. "Dada, unataka shule au unataka mtihani? Andika, una mwandiko mzuri."

Nikamtazama mjomba. Akatazama pembeni. Nami, niliyewahi kuongoza mgomo chuoni kwa sababu ya maji machafu ya bweni, nikachukua kalamu na kuandika "Katikati ya ghala" juu ya kila mfuko. Ninawadharau wale watu, lakini mkono ulioandika ulikuwa wangu.

Kiangazi ndio msimu wa kukandika nyumba, maana ngoma za kuwatoa wali, vijana waliokuwa jandoni na unyagoni, zinakaribia na wageni watajaa. Mchwa ndiye adui wa kila ukuta wa kwetu, na kila mwanamke alikuwa ameona kwamba kuta za ghala lile hazijaguswa na mchwa miaka yote. Basi wakaliendea lile rundo na ndoo vichwani, kwa vigelegele. Niliporudi kutoka Masasi nilimkuta mama amekandika vyumba viwili, mikono myeusi hadi viwikoni.

"Mama, udongo huu umeutoa wapi?"

"Nyuma ya mikorosho. Kaka kasema umeshapimwa. Si wewe mwenyewe uliyepima?"

Sasa mikono ya mama imebabuka, hawezi hata kukamua nguo. Mjukuu wa jirani yetu, Mama Hawa, ana miaka miwili na hulamba ukuta kama watoto wa umri wake walivyo. Amelazwa hospitali ya Ndanda, anatapika kila anachopewa. Bibi yake alinishika mkono akaniuliza, "Mwanangu, wewe umesoma. Mtoto huyu kala nini?" Nikasema sijui.

Nikamwendea mjomba.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Msomi kaja na sura ya matanga."

Nikamweleza yote. Akasikiliza huku akichokonoa meno, kisha akasema, "Majibu yametoka, udongo ni safi. Mwandiko ni wako. Utajipinga mwenyewe mbele ya watu?" Nilipomwambia nitasema, akasimama. "Sema. Posa yako wataipokea walimu wako. Na mama yako akiugua, asitume mtu kwangu."

Mama amesikia maneno hayo. Ananiomba kwa machozi ninyamaze, akiificha ile mikono ndani ya kanga.

Jumatatu shule inafunguliwa. Watoto watakaa chini, juu ya sakafu ya udongo ambao haukupimwa na mtu yeyote. Hospitalini nako hawajui wanatibu nini, kwa sababu anayejua amekaa kimya. Nikisema, nampoteza mjomba, namvunja mama, na huenda chuo kikanifukuza kwa kughushi. Nisiposema, mimi na yule mkandarasi hatuna tofauti.

Nielekezeni, wasomaji: nianzie Ndanda kwa daktari, au nisimame mbele ya wazazi siku hiyo ya Jumatatu? Anayetaka kuniandikia "mwachie Mungu" asijisumbue. Mungu hakuandika ile mifuko.