Mwongozo Uliojaa Methali Zangu

Wasichana wa bweni, mnaosimama hapa kwenye ubao wa matangazo, nihurumieni kabla hamjacheka.

Mimi na Chebet tuliandika programu ya kutafutia vitabu vya maktaba. Kando ya kila hatua tuliweka maelezo, na leo kompyuta ilipaswa kuyakusanya yenyewe na kuyachapa yawe mwongozo. Mama Wanjiru wa maktaba akishindwa kuufuata, kompyuta inahamishiwa ofisini.

Ikachapa kurasa tatu.

Mama Wanjiru akavaa miwani, akasoma kwa sauti: "Haba na haba hujaza kibaba."

Akanitazama juu ya miwani.

"Sasa nibonyeze wapi, msichana wangu?"

Jamani! Maelezo yangu yote niliyapamba kwa methali, kama tunavyofundishwa kwenye insha. Hakuna hata moja inayotaja kitufe!

Halafu akafikia maelezo ya Chebet, aliyoandika haraka akikimbilia chakula: "Andika jina la kitabu, bonyeza ENTER, ngoja. Ikinguruma usiogope, iko hivyo tu kama trekta ya baba."

Akabonyeza. Ikanguruma. Kitabu kikaonekana kwenye skrini.

Kompyuta inabaki. Chebet naye anatembea kana kwamba Eldoret yote ni yake.

Kesho nafuta methali zote, isipokuwa ile ya kibaba. Anayepinga aandike hapa chini, kwa penseli.