Mgeni Aliyeomba Kuota Moto kwenye Laptopu

Watu wakisimulia mambo kama haya utasikia ilikuwa usiku wa manane, umeme umekatika, mbwa wanalia. Langu mie lilianza Jumamosi mchana, jua la Januari linawaka, jirani kafungulia singeli utadhani yuko ukumbini. Sikuwa naumwa, sikuwa usingizini, na pombe sijawahi kuonja. Kwa hiyo kama una cheko lako, cheka sasa hivi umalize, halafu unisikilize.

Tulikuwa tumepanga Temeke, chumba na sebule. Mie na mume wangu, Baba Neema, wote ni watu wa Makete, kule juu kwenye baridi. Yeye alikuwa karani Kurasini, kwenye ofisi moja ya kutoa mizigo bandarini. Mtu mpole, hana makuu. Ugonjwa wake ulikuwa mmoja tu, gemu. Mwanaume mzima na ndevu zake, Jumamosi akitoka kazini anaoga, anavaa hedifoni, basi mpaka jioni anapigana vita na watu asiowajua.

Sasa ile laptopu ilikuwa inachemka, na si kuchemka kwa utani. Gemu lenyewe zito, akicheza kidogo tu feni ya ndani inaunguruma, picha zinakwama, mara inajizima yenyewe. Alihangaika nayo jamani. Aliipeleka kwa fundi ikapulizwa vumbi na kupakwa dawa mpya ya kupooza. Akaiinua kwa vizibo vya soda, kimoja kila kona, hewa ipite chini. Siku nyingine nikamkuta kaweka mfuko wa barafu chini yake, nikamuuliza kama anataka tufe wote kwa shoti. Mwishowe akachukua feni yetu, tena tunayo moja tu, akaielekeza kwenye laptopu. Mie na mtoto tunavuja jasho, mashine inapepewa! Niliongea siku hiyo mpaka nikachoka mwenyewe.

Siku yenyewe mlango ulikuwa wazi, tumeshusha pazia tu. Meza ilikuwa karibu na mlango, na laptopu inatema joto lake upande huohuo, pazia linatikisika. Nikasikia hodi ya taratibu. Nikasema karibu.

Aliingia kaka mmoja mwembamba, kavaa sweta mbili, moja juu ya nyingine. Dar es Salaam hii, Januari! Usoni hana hata tone la jasho. Akanisalimia vizuri tu, halafu akatazama mezani.

"Dada, naomba niote moto kidogo. Nimepigwa na baridi sana."

Mwingine angemfukuza, angesema huyu kachanganyikiwa. Lakini sie watu wa Makete tumelelewa vingine. Kwetu anayeomba kuota moto humuulizi katoka wapi wala ni mtoto wa nani. Unasogea, unampa kigoda. Kumnyima mtu moto ni ukatili kuliko kumnyima chakula. Na tangu nihamie mjini hakuna aliyewahi kuniomba hivyo, niamini, roho yangu ilifurahi. Nikadhani ni mtu wa nyumbani anayetetemeshwa na malaria. Nikamvutia stuli palepale joto linapotokea.

Akakaa, akanyoosha viganja vyake kwenye lile joto, vilevile tunavyofanya jikoni kwetu. Mara feni ya laptopu ikanyamaza. Mume wangu akavua hedifoni, akaigusa laptopu chini, akacheka. Ilikuwa imepoa. Akacheza mpaka jioni bila kukwama hata mara moja, mgeni naye anaota tu. Alipoaga aliiacha sweta moja kwenye stuli.

Basi ikawa mazoea. Jumamosi anakuja, baadaye na Jumapili tukitoka kanisani tunamkuta mlangoni. Mume wangu akawa anamsubiri kabisa, hataki kuanza mpaka afike. Na mie nikarudishiwa feni yangu, ningelalamika nini?

Niliona vitu, lakini sikuviunganisha. Mgeni alianza kutoka jasho kidogo kwenye paji la uso. Sweta ya pili akaiacha pia. Na mume wangu akaanza kulala na soksi. Akawa anaomba chai ya moto mchana. Usiku mguu wake ukinigusa nashtuka. Nikampeleka zahanati, malaria hana, na nesi alimpima joto akabadilisha kipimo, akidhani kimeharibika.

Jumamosi ya mwisho nilitoka sokoni nikawakuta wamekaa palepale. Mgeni yuko na fulana, jasho linamchuruzika, mashavu yamejaa. Mume wangu kavaa zile sweta mbili, hedifoni kichwani, macho kwenye kioo. Nikatazama kioo. Kilikuwa cheusi. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, laptopu imezima zamani. Sasa huyu mgeni anaota nini? Nikaangalia viganja vyake. Alikuwa amevielekeza kifuani kwa mume wangu.

Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nilimwambia atoke, nilimkaribisha aote moto, sikumkaribisha amle mume wangu. Hakukasirika. Alinitazama kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha zaidi.

"Dada, nimebisha milango mingi," akasema. "Wewe tu ndiye uliyenivutia stuli."

Akainuka, akatoka. Nikamfuata mpaka uani. Wapangaji wenzangu walikuwa wanafua, nikawauliza kaelekea wapi. Hawakumwona mtu. Wakaniambia kila wiki wananiona naweka stuli pale mlangoni na hakai mtu, wakaona aibu kuniuliza.

Mzee mmoja aliyewahi kubeba mizigo Kurasini nilimweleza sura ya yule mgeni. Akasema alikuwepo kibarua wa namna hiyo, alifungiwa kwa bahati mbaya ndani ya kontena la baridi, la samaki. Alibisha usiku kucha, hakuna aliyesikia. Ni kweli? Sijui. Mie nasema nilichokiona.

Laptopu niliivunja kwa nyundo. Haikusaidia. Tumeombewa, tumezunguka hospitali, wapi. Mume wangu hajafa, namshukuru Mungu, lakini joto lake halijarudi. Ukarani ameacha. Anafanya kazi kwenye tanuri la mikate na analala hukohuko, juu ya magunia. Aliondoka nyumbani mwenyewe, alipogundua kwamba anayemgusa kwa muda anaanza kupoa na yeye. Jumapili anakuja kutuona. Anakaa ule upande wa pili wa ua, mie namshika Neema gauni, wanaongea kwa mbali. Unajua inavyouma mtoto wa miaka minne kuuliza kwa nini baba hampakati?

Jumapili iliyopita niligeuka kuangalia ugali usiungue. Neema akachomoka, akamrukia baba yake shingoni. Baba mwenyewe ndiye aliyembandua, huku analia, lakini alikuwa ameshamkumbatia vya kutosha. Juzi mtoto kaamka usiku, kajifunika blanketi na mashuka yote ya ndani, nje watu wamelala uani kwa joto. Akaniambia, "Mama, nipakate, nasikia baridi."

Nikampakata mpaka asubuhi. Ni mwanangu, ulitaka nifanyeje?

Kwa hiyo nakuonya. Mtu akibisha hodi jua linawaka, kavaa sweta, anaomba kuota kwenye mashine yako, mwambie kwako hapana moto, hata kama umelelewa kama nilivyolelewa mie. Na tukikutana njiani nisalimie kwa mdomo tu, mkono usinipe. Tangu jana miguu yangu haipati joto.