Paa Lililopinda kwenye Mashine Ndogo

Mi ni mtu wa hasira za karibu, Kolwezi nzima inajua. Kwa hiyo fundi wa nakshi niliyefanya naye kazi, niliyemwita tata kwa heshima, aliponiambia nichague mashine moja kati ya mbili tulizokuwa nazo, yeye aondoke na nyingine, nilimrushia usoni kitambaa cha kung'arishia shaba.

Kazi yetu ilikuwa pete na bangili. Yeye alichora, mi nilitia mawe, zaidi malakiti, lile jiwe la kijani linalotoka kwenye mashimo ya mgodi wa Mashamba. Mashine tulinunua pamoja. Kubwa ilining'inia kwenye msumari, mota juu, mpira mrefu ukishuka hadi mkononi na sindano ya kuzunguka mwishoni. Ilikula umeme wa nyumba na kulia mpaka jirani anafunga dirisha. Ndogo ilienea kiganjani kama muhogo wa kuchoma, na betri ya gari iliitosha.

Watu wa mji wa mgodi wanapima mashine kwa kelele. Kila aliyepita alimwambia tata abebe ile kubwa, yenye nguvu. Aka! Nguvu ya kufanyia nini? Sisi tulipima kwa ukucha. Unawasha mashine, unaigusisha ukucha wa kidole gumba. Ukisikia kutekenywa, jiwe litapona. Ukisikia maumivu, malakiti itapasuka. Ndogo ilitekenya, kubwa iliuma.

Siku hizo kampuni ya mgodi ilikuwa imeanguka, umeme ulikuja ukitaka, na barabarani vijana walipiga kelele kwamba Wakasai, watu wenye asili ya Kasai kama tata, warudi kwao. Kwao wapi? Tata alizaliwa hapa, baba yake amezikwa hapa, Kasai hakuwahi kuiona. Lakini mlango wake ulikwisha kupigwa mawe, na mke wake na watoto walikuwa tayari kwenye kituo cha treni, wanalala nje pamoja na mamia ya wengine. Nilikuwa na uchungu ambao sikujua pa kuuweka. Ndiyo sababu ya kile kitambaa.

Tata alikiokota. "Mama, baki na kadogo. Mawe inaogopa ile kubwa. Utapasua yote."

"Na kule unaenda, courant ya umeme iko wapi? Utaining'iniza ile kwenye muti? Batoto bako bakule mota?"

"Mi niko na mukono."

"Mukono gani, tata? Unafikiri sioni?"

Kifundo chake cha mkono kilikuwa kimechoka, hakikuweza tena kusukuma patasi kwenye shaba. Bila mashine ndogo asingechora, na asipochora, watoto hawali.

Kwetu kazini, chombo ni cha yule ambaye alama yake imechorwa juu yake, na alama haibishaniwi. Asubuhi yake nilikuta mashine ndogo mezani kwangu, na kwenye tumbo lake alama yangu, jani la muhogo, limechorwa vizuri ajabu. Mwenyewe alikwisha kwenda kituoni.

Nililia kwa hasira. Bahati umeme ulikuwepo. Niliwasha ile kubwa, nikalisaga lile jani zuri likafutika, nikachora alama yake: paa la nyumba, mistari miwili tu. Lakini mi ni wa mawe, si wa nakshi. Mstari mmoja ulinitoroka, paa likapinda. Niliifunga mashine kwenye kitenge, nikaishindilia ndani ya ndoo ya unga isionekane njiani, nikaenda mbio.

Pale kituoni tata aliitoa, akaipangusa unga, akapitisha kidole juu ya alama.

"Mama, hii nyumba inaanguka."

"Utaitengeneza ukifika!"

Alicheka mpaka mke wake akageuka. Kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na hakubisha tena. Treni iliondoka kesho yake.

Nilibaki na ile kubwa. Nilipasua mawe, we! Nilijifunza kudondoshea jiwe maji na kukanyaga pedali ya mota kwa ncha ya kidole cha mguu tu. Mvua zilikuja, zikaisha, zikarudi, habari hakuna. Kila jiwe likipasuka nilimtukana, kisha nikamwomba Mungu ampe uzima.

Siku moja mfanyabiashara mmoja Mwislamu, aliyezoea njia ya Kasai na bidhaa zake, aliniletea karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na pete ya shaba. Upande mmoja jani la muhogo, upande wa pili paa, limenyooka sawasawa. Katikati alikuwa amejenga kiti cha kuketishia jiwe, akakiacha kitupu.

Nilikaa chini. Niliwasha ile mashine kubwa, nikaigusisha ukucha, ikauma, nikaizima. Kisha nikachagua malakiti, nikaisugua kwa maji, nikaiketisha kwa mkono, polepole, na siku ile sikumtukana.